Maswali Yenu: Upepo, Rada na Ile Ndege ya Malaysia MH370

Toleo lililopita tuligusia kwa aya mbili tatu tu habari ya MH370, ile Boeing 777 iliyopaa Kuala Lumpur kwenda Beijing usiku wa tarehe 8 Machi 2014 ikiwa na watu 239 na haikufika, na meseji zilizoingia ni nyingi kuliko za mada yoyote ya karibuni. Nimechukua zile ambazo ukizichunguza zinauliza kitu kimoja kwa njia tofauti, yaani haya tunayoambiwa yamejulikanaje. Mengine nimejibu kwa urefu, mnivumilie, manake kuna familia za watu 239 ambazo mpaka leo hazina kaburi la kwenda kusomea dua na mimi hili jambo siwezi kuliandika juu juu.

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi niko Tabata, Dar. Hivi dude lenye urefu wa mita 60 na kitu linapoteaje kwenye rada? Mbona hata vile vindege vya kwenda Zanzibar naviona kwenye app ya simu? Mimi naona kuna watu wanaficha.

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Tuanzie hapo kwenye app manake ndo panapochanganya wengi. Hiyo app haitumii rada kabisa, ndege yenyewe ndo inatangaza hewani mimi ni fulani niko hapa na watu wenye vifaa vya kupokea wanarusha intaneti. Alafu hata rada kubwa za waongoza ndege kwa sehemu kubwa zinafanya kazi kwa kuuliza, inatumwa ishara juu na kifaa ndani ya ndege kinachoitwa transponda kinajibu kwa namba na kimo. Kile kifaa kikizimwa, au kikikosa umeme, hakuna jibu na ile alama yenye jina inafutika kwenye kioo cha muongozaji. Sasa hiyo ndo iliyotokea saa 7:21 usiku kwa saa za Malaysia, dakika mbili tu baada ya sauti ya mwisho kutoka ndani ya ndege kuwaaga waongozaji wa Kuala Lumpur, ndege ikiwa inaachana na anga ya Malaysia kuingia ya Vietnam kwenye alama ya njia inayoitwa IGARI. Muda mbaya kuliko wote, manake huku wanajua imeshavuka na kule wanajua bado haijafika.

Lakini kuna rada ya aina nyingine, ya zamani zaidi kwa wazo lake, hiyo haiulizi mtu. Inapiga wimbi, wimbi linagonga chuma, linarudi. Haijui jina la ndege wala haihitaji ruhusa yake. Jeshi la Malaysia lilikuwa nayo na iliona kitu kikikata kona kurudi magharibi, kikavuka rasi ya Malaysia, kikapita jirani na kisiwa cha Penang alafu kikakunja kaskazini magharibi kufuata mlango bahari wa Malacca mpaka saa 8:22 usiku, hapo ndo mwisho wa rada. Jeshi la anga la Thailand nalo lilikuja kusema siku kumi baadaye kwamba rada yake ilikuwa imeona alama ikirudi, hawakusema mapema kwa sababu hawakuulizwa.

Kwa hiyo kwenye hili la kuficha mimi nakuelewa hasira yako, ila ningeielekeza pengine. Ndege haikupotea kwenye rada zote, ilionekana na ikaachwa ipite, haikuhesabiwa kuwa tishio na hakuna ndege ya kivita iliyopaa kuifuata. Alafu wiki nzima meli na ndege zikawa zinahangaika bahari ya Kusini ya China wakati data ya kuonyesha iligeuka ilikuwepo. Kile kilikuwa kipindi cha kuona vitu vinavyoelea juu ya maji kabla upepo haujavitawanya, na kikapotea hivi hivi, na mimi hilo naliona ni kosa kubwa kuliko siri yoyote inayosemwa vijiweni.

Na tusiipe rada sifa isiyokuwa nayo. Data ile ile ya jeshi ilionyesha kimo cha ndege kikiruka juu na kushuka, mahali pengine zaidi ya futi 50,000, wakati Boeing 777 kikomo chake ni futi 43,100. Magazeti yakaandika ilipandishwa juu makusudi ili abiria wakose hewa. Wachunguzi wakajaribu hizo namba kwenye simyuleta, yaani mashine ya kuigiza urukaji wa ndege, wakaona hazitekelezeki. Rada ya namna ile kitu kikiwa mbali inakupa umbali na uelekeo kwa uhakika mzuri lakini kimo chake usikijengee nyumba.

SWALI: Salaam kutoka Kisauni, Mombasa. Mlisema upepo ulitumika kujua ndege ilielekea wapi baada ya rada kuishia. Sasa usiku ule kule katikati ya bahari kubwa hakuna mtu, huo upepo nani aliupima?

JIBU: Swali zuri sana hili na nimefurahi limeulizwa na mtu wa pwani.

Kwanza nikuwekee ngazi moja chini. Baada ya saa 8:22 usiku hakuna rada tena lakini kifaa cha mawasiliano cha ndege kiliendelea kusalimiana na setilaiti ya kampuni ya Inmarsat iliyokuwa juu ya bahari ya Hindi, karibu kila saa, hadi saa 2:19 asubuhi kwa saa za Malaysia. Hakikutuma mahali kilipo, kilijibu tu nipo. Ila muda wa jibu kwenda na kurudi unakupa umbali kati ya ndege na setilaiti, na umbali mmoja unachora duara moja kubwa juu ya dunia. Ndege iko mahali fulani kwenye lile duara, wapi hujui. Masafa ya ishara nayo yanabanwa au kutanuka kidogo kutegemea chombo kinakukaribia au kinakukimbia, na kwa kuwa ile setilaiti nayo haikutulia, ilikuwa inacheza kidogo kaskazini na kusini, wahandisi waliweza kutofautisha njia ya kwenda juu kwenye nchi za Asia ya kati na njia ya kwenda chini kwenye bahari tupu. Jibu likaja kusini. Walipima hesabu hizo hizo kwa ndege nyingine ambazo njia zake zinajulikana, zikakubali.

Hapo sasa ndo upepo unaingia. Injini zinaisukuma ndege kupita kwenye hewa, lakini hewa yenyewe inatembea. Chukua upepo wa noti 20 tu, yaani maili 20 za baharini kwa saa, unaokupinga usoni, kwa saa sita, hizo ni maili 120 za baharini, yaani zaidi ya kilomita 200 ambazo ndege haijafika mahali ulipodhani imefika. Na kule juu noti 20 ni kidogo, ukishuka kusini kwenye nyuzi 30 za latitudo na kuendelea unakutana na pepo kali za kutoka magharibi na ndege inayoenda kusini zinaisukuma kushoto, upande wa Australia. Sasa angalia jambo hili linavyokuwa tamu kwa mchunguzi. Kama mtambo wa kujiendesha uliwekwa kufuata uelekeo wa dira tu basi upepo utaipinda njia taratibu saa baada ya saa, kama uliwekwa kufuata alama ya mahali basi mtambo utajirekebisha na njia itanyooka. Njia mbili hizo zinaanza pamoja na kumalizika mbali mbali kabisa kwenye lile duara la mwisho. Wanasayansi wa ulinzi wa Australia, DST Group, wakafanya kazi ya kuchosha kweli, walibuni njia nyingi mno kwenye kompyuta, kila moja wakaipitisha kwenye upepo wa usiku ule, wakabaki na zile tu ambazo zinagusa kila duara kwa saa yake na mafuta yanatosha.

Na huo upepo wa usiku ule haukupimwa na mtu aliyekaa pale, ni kweli. Unatoka kwenye modeli ya hali ya hewa, walitumia ya idara ya hali ya hewa ya Australia. Modeli hiyo inalishwa vipimo kutoka kila upande, maputo yanayorushwa mara mbili kwa siku saa ile ile dunia nzima, setilaiti zinazofuatilia mawingu yanavyokwenda, meli, maboya, na ndege za abiria zenyewe ambazo zinaripoti upepo zinaokutana nao. Kati ya vipimo, kompyuta inajaza kwa kanuni za fizikia. Kule kusini vipimo ni haba kuliko Ulaya kwa hiyo makosa yanakuwepo, na ndo maana jibu lao halikuwa nukta, lilikuwa eneo lenye uwezekano mkubwa katikati na mdogo pembeni. Mtu akikuletea nukta moja kamili mwambie akuonyeshe upepo wake na makosa ya upepo wake.

SWALI: Assalaam alaykum kutoka Muscat. Mimi mzaliwa wa Unguja nafanya kazi huku. Rafiki yangu wa Maldives anaapa kwamba watu wa kisiwa cha Kudahuvadhoo waliiona ile ndege asubuhi ikipita chini kabisa. Kwanini hawaaminiwi? Au kwa sababu ni watu wa visiwani?

JIBU: Waalaykumu salaam. Mimi siamini walisema uongo, kuona ndege kubwa ikipita chini alfajiri na kuisimulia kwa uaminifu inawezekana kabisa. Swali ni ilikuwa ipi. Na kisiwa kidogo sio sababu ya kupuuzwa, kwa hiyo twende kwa saa.

Walisema ilikuwa kama saa 12:15 asubuhi kwa saa za Maldives. Kwa saa za Malaysia hiyo ni saa 3:15 asubuhi. Salamu ya mwisho ya setilaiti ni saa 2:19, na ile haikuwa salamu ya kawaida, kifaa kilikuwa kinajiwasha upya kuomba kuingia kwenye mtandao, jambo ambalo wachunguzi wanalielezea kwa umeme kukatika mafuta yalipoisha. Kwa hiyo ndege waliyoiona visiwani ilipita karibu saa nzima baada ya hapo. Tena Maldives haiko mbali na chini ya ile setilaiti, ndege ingekuwa huko ishara ingerudi haraka zaidi, isingetoa lile duara la mwisho ambalo liko mbali. Na jeshi la Maldives lilisema rada zake hazikuona kitu. Vitu vitatu tofauti, saa, umbali na rada, vyote vinakataa. Na wale wanaosema ilitua Diego Garcia, kisiwa chenye kambi ya jeshi la Marekani kusini mwa Maldives, ni hivyo hivyo kwa hoja ya duara. Mwambie rafiki yako kwa heshima, aliyeona aliona ndege, ila sio hiyo.

SWALI: Shikamoo mhariri. Natoka Wete. Mwaka 2016 kipande cha bawa kiliokotwa huku kwetu Pemba wakasema ni cha MH370. Mpaka leo watu wanabishana barazani, wengine wanasema Australia na Pemba wapi na wapi, wengine wanasema kililetwa na kutupwa. Tuambie ukweli.

JIBU: Marahaba mwanangu. Hili nitalijibu kwa raha zote kwa sababu kipande cha Pemba ni moja ya vitu vyenye thamani kubwa kwenye kesi nzima na naona hatujawahi kulipa jambo hili uzito wake sisi wenyewe wa Afrika Mashariki.

Kile kilichoonekana Juni 2016 ni sehemu ya flapu ya nje ya bawa la kulia, flapu ni kile kibao cha nyuma ya bawa kinachoteremshwa wakati wa kupaa na kutua. Kikapelekwa Australia kwa ATSB, idara yao ya kuchunguza ajali za usafiri. Ndani walikuta mihuri ya kiwandani, mmoja una tarehe ya 23 Januari 2002, na ndege yenyewe ilikabidhiwa kwa shirika mwezi Mei mwaka huo huo. Zaidi ya hapo kulikuwa na namba za kiwanda cha Italia kilichotengeneza flapu, na hiyo namba inaendana na Boeing 777 ya 404 kutoka kwenye mstari wa kuunda, ambayo ndo hiyo hiyo ya MH370. Kwa hiyo hakuna ubishi kwamba ni chake. Vipande vingi vimeokotwa, Msumbiji, Afrika Kusini, Madagascar, Rodrigues, lakini vilivyothibitishwa kabisa kabisa ni vitatu, flaperoni (kibao kingine kidogo cha nyuma ya bawa) iliyookotwa kisiwa cha Réunion Julai 2015, kipande cha Mauritius, na hiki cha kwenu. Vingine vimeandikwa karibu hakika, au inawezekana sana.

Sasa safari. Kutoka kwenye duara la mwisho huko nyuzi 35 kusini mpaka Pemba kwa mstari ulionyooka ni zaidi ya kilomita 6,000, na bahari haiendi kwa mstari ulionyooka. Vitu vinavyoelea pale vinapanda polepole kuelekea kaskazini, vikishaingia kwenye pepo za kusini mashariki vinashikwa na mkondo mkubwa unaokwenda magharibi karibu mwaka mzima, vinapita Rodrigues, Mauritius na Réunion, vinaikuta Madagascar. Hapo mkondo unagawanyika. Tawi la chini linapeleka vitu upande wa Afrika Kusini, tawi la juu linazunguka ncha ya kaskazini ya Madagascar linakuja kugonga pwani yetu upande wa mpaka wa Tanzania na Msumbiji, na kutoka hapo mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki unapanda kaskazini kupita Mafia, Unguja na Pemba. Wakati wa kaskazi mkondo huu unapungua nguvu, wakati wa kusi unakimbia. Na kipande kilionekana mwezi wa sita, kusi liko kazini. Miezi 27 baada ya ajali. Wavuvi wenu wakiambiwa hivyo hawatashangaa hata kidogo.

Lakini mkondo peke yake hautoshi kueleza na hapa ndo upepo unarudi tena, safari hii wa juu ya maji. Dumu tupu na gogo lililoloa ukiyatupa pamoja hayafiki pamoja, dumu linashika upepo na kutangulia, gogo linakwenda na maji. Shirika la utafiti la Australia, CSIRO, mwanzoni walitengeneza mifano ya mbao na chuma ya ile flaperoni wakaiweka baharini huko Tasmania, alafu wakapata flaperoni halisi ya Boeing 777 wakaikata ifanane na iliyookotwa Réunion wakaiweka majini pia. Ile halisi ikawa na tabia yake, haikufuata upepo moja kwa moja, ilikwenda pembeni kushoto kwa upepo kwa kama nyuzi 20 na kwa kasi zaidi ya walivyokadiria. Walipoingiza tabia hiyo kwenye modeli, kufika Réunion Julai 2015 kukaingia mahali pake vizuri kabisa na eneo la karibu na nyuzi 35 kusini likawa na nguvu zaidi. Hiyo ilikuwa ripoti ya Aprili 2017.

Na kuna ushahidi ambao mimi unanigusa zaidi, ushahidi wa mahali ambapo hapakuonekana kitu. Pwani ya magharibi ya Australia ina watu wanaotembea ufukweni, wanaopiga picha, wanaookota, na hakuna kipande chochote cha ndege hii kilichothibitishwa kuokotwa kule. Kama ingeangukia kusini zaidi kwenye zile pepo za magharibi, vipande vingi vingesukumwa Australia. Ukimya wa fukwe zile pamoja na kelele za fukwe zetu ndo vinakupa eneo.

Kuhusu kwamba kililetwa na kutupwa, sawa, tujiulize vizuri. Mtu huyo angehitaji kuwa na bawa la ndege yenyewe yenye namba 404, alafu alisambaze nchi sita saba kwa mpangilio ambao wataalamu wa mikondo walikuwa wameshausema. Profesa Charitha Pattiaratchi wa Chuo Kikuu cha Australia Magharibi alikuwa ameshaonyesha kwa modeli kwamba vitu vitafika upande huu wa Afrika, na Mmarekani Blaine Gibson akaenda Msumbiji akiwa na maelezo hayo akapata kipande Februari 2016. Modeli ilitangulia, kipande kikafuata. Mimi hilo linanitosha.

Jambo la mwisho kuhusu kipande chenu na kwangu ndo kubwa kuliko yote. Alama za kuumia ndani yake ziliwaonyesha wachunguzi kwamba kwa uwezekano mkubwa flapu ilikuwa imekunjwa, haikuteremshwa, wakati inang'oka. Rubani anayejaribu kutua majini taratibu kwa kawaida anateremsha flapu. Ukiweka pamoja na zile ishara mbili za mwisho za setilaiti, zilizopishana sekunde 8, ambazo zinaonyesha ndege inashuka kwa kasi kubwa inayozidi kuongezeka, unapata picha ya ndege iliyokwisha mafuta na sio iliyotuliwa juu ya maji. Hiyo ni habari iliyotoka Pemba, na iliwasaidia waliokuwa wanatafuta wajue watafute karibu na duara na sio mbali nalo.

SWALI: Nauliza kifupi. Kama upepo, rada na setilaiti vyote vinakubaliana mbona hawajaiona? Msomaji, Arusha.

JIBU: Kwa sababu vinakubaliana juu ya ukanda na sio juu ya nukta, na chini ya ukanda huo kuna maji ya kina cha kama kilomita 4 na zaidi. Msako wa kwanza chini ya bahari ulipekua kilomita za mraba 120,000, hiyo ni nchi ya Malawi nzima, ukasimamishwa Januari 2017. Mwaka 2018 kampuni ya Ocean Infinity ikapekua nyingine zaidi ya 112,000, ikipanda kaskazini mpaka nyuzi 25 kusini. Haikuonekana. Machi 2025 Malaysia ikasaini nao tena, eneo jipya la kilomita za mraba 15,000, hakuna kulipwa kama hakuna kuiona na ikionekana ni dola milioni 70, kazi ikasimama Aprili sababu ya msimu wa bahari na Desemba ikatangazwa inarudiwa kuanzia tarehe 30.

Kuna mambo mawili yanawezekana na mimi siyaoni kuwa aibu kwa sayansi. Moja, ndege iko ndani ya eneo lililopekuliwa lakini ikapitwa, sakafu ile ina mabonde na kuta za milima ambazo vifaa vya sauti havioni kila pembe. Mbili, dakika zile za mwisho ndege iliteleza hewani bila injini ikafika mbali kidogo kuliko ilivyohesabiwa. Mwaka 2017 Waaustralia walichambua picha za setilaiti ya Ufaransa zilizopigwa tarehe 23 Machi 2014, wiki mbili tu baada ya tukio, wakaona vitu 12 vinavyoelea ambavyo pengine vimetengenezwa na binadamu. CSIRO wakavirudisha nyuma kwa upepo na mkondo wa siku zile, vikaangukia jirani na nyuzi 35 na nusu. Pembeni tu ya walipopekua mwanzo. Ninachoumia ni kwamba picha hizo zingechambuliwa hivyo mwezi ule ule wa Machi, kungekuwa na meli za kwenda kuangalia.

SWALI: Kuna mhandisi mstaafu mtandaoni anasema ameipata kwa kutumia WSPR, mawimbi ya redio za wapenda redio duniani. Anasema ni kama rada ya dunia nzima. Ni kweli? Nairobi.

JIBU: WSPR ni mtandao wa watu wanaorusha ishara dhaifu za redio na kurekodi nani kazisikia, upo kweli na rekodi za usiku ule zipo. Dai ni kwamba ndege ikikatiza njia ya ishara inaivuruga kidogo, ukikusanya mivurugiko unaifuatilia ndege. Tatizo ni umbali. Ishara ya nguvu ndogo kabisa ikasafiri maelfu ya kilomita ikiruka kati ya anga la juu na bahari, mwangwi wa ndege ndani yake ni mdogo mno, na anga la juu lenyewe linabadilika kila dakika na kutoa mivurugiko mikubwa kuliko hiyo. Joe Taylor, mwanafizikia mwenye tuzo ya Nobel aliyeuanzisha mfumo huo wa WSPR, amekataa waziwazi kwamba unaweza kufanya kazi hiyo. Mimi nimesimama upande wake mpaka mtu afanye jaribio la haki, apewe ndege kumi ambazo njia zake amefichwa, azitafute kwa WSPR, alafu tulinganishe. Wale wa setilaiti mtihani wa ndege nyingine waliufanya.

SWALI: Kaka naomba usizunguke. Rubani alifanya makusudi? Dada wa Mwanza.

JIBU: Dada, rada na upepo haviingii chumba cha rubani. Vinasema ndege ilienda wapi na saa ngapi. Ripoti ya Malaysia ya Julai 2018 ilisema ile kona ya kurudi haikuwa ya mtambo wa kujiendesha, ndege iligeuzwa kwa mkono, na haikuweza kusema ni mkono wa nani, hata mtu mwingine haikumuondoa. Kwenye simyuleta ya nyumbani kwa rubani mkuu zilikutwa alama za njia zilizofika kusini mwa bahari ya Hindi, na hilo lina uzito, sitalificha. Lakini ana familia, hakuna sauti ya ndani ya ndege iliyosikika, visanduku vyeusi viko chini ya maji. Sitaandika jina la mtu na neno muuaji kwenye ukurasa huu kwa ushahidi huo.

SWALI: Mimi mvuvi wa Kilwa Masoko. Tukiokota kitu kama hicho tufanye nini? Mara nyingi tunaona vibati vyepesi vyenye matundu matundu kama masega ya nyuki ndani, watoto wanachezea.

JIBU: Ahsante sana kwa kuuliza, na hilo la masega ndo alama yenyewe, vipande vingi vya MH370 vilikuwa vya aina hiyo, tabaka mbili nyembamba na masega katikati, manake ni vyepesi na vinaelea. Hata kama ni miaka mingi imepita msikitupe wala msikiwashie moto, na msikate.

Piga picha kikiwa pale pale kilipo kabla hujakigusa, pande zote, na karibu kabisa na namba au maandishi yoyote. Kisha kipeleke au toa taarifa polisi, waombe wawajulishe Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kama ni visiwani anza na sheha. Usikikwangue. Vile viumbe vyenye magamba vinavyong'ang'ania, kama vinavyoshika chini ya vyombo vyenu, ndani ya magamba yao vinabaki na kumbukumbu ya joto la maji waliyopita wakati wanakua, na walivikuta kwenye flaperoni ya Réunion, wanasayansi wanavisoma kupata njia kipande kilikotoka. Kikikauka juani kwa wiki nzima vinadondoka. Kifunike na gunia bichi, kiweke kivulini. Alafu andika tarehe, saa, jina la ufukwe, maji yalikuwa yanajaa au yanakupwa, na upepo gani ulikuwa unavuma siku hiyo na siku chache za nyuma, kusi au kaskazi na nguvu yake, manake hivyo ninyi mnavijua kuliko modeli yoyote ya kompyuta.